Namna ya kumuuzia mwenye mabehewa behewa jepesi lisilo na kelele

Kazi yangu ni kuandaa majalada ya idhini ya mabehewa ya mizigo huku Ujerumani. Wabunifu hunijia na michoro mizuri, na neno lao la kwanza ni kelele. Nawaambia wasianze nalo. Wanaokosa usingizi kando ya reli kule bonde la mto Rhine hawanunui mabehewa. Anayenunua ni kampuni ya kukodisha, nayo inahesabu magurudumu, breki na siku ambazo behewa limelala karakana.

Anza na tani. Njia kuu nyingi za Ulaya hubeba tani 22.5 kwa ekseli, kwa hiyo behewa la ekseli nne lisizidi tani 90 pamoja na mzigo. Ukiteremsha uzito wa behewa tupu kutoka tani 24 hadi 21, mteja anapakia tani 3 zaidi kila safari. Hilo lina maana kwa saruji, chuma na kokoto. Msafirishaji wa magari mapya nafasi humwishia kabla ya uzito, huyo usimpotezee muda.

Kelele nyingi huanzia kwenye breki. Bloki, yaani vipande vinavyobana gurudumu, zikiwa za chuma cha kusubu hukwaruza uso wake, na gurudumu lenye mikwaruzo huitetemesha reli. Bloki za mchanganyiko, aina ya K au LL, huuacha laini, na sauti hushuka kwa desibeli 8 hadi 10. Sikioni ni kama nusu. Uswisi ilipiga marufuku bloki za chuma mwaka 2020, Ujerumani ikafuata Desemba mwaka huohuo. Kwa hiyo utulivu sasa ni sharti, na hakuna atakayekulipa ziada kwa kutii sheria.

Hapa ndipo wepesi na utulivu hugombana. Behewa jepesi likiwa tupu, breki iliyopangiwa mzigo huyakaba magurudumu yakagoma kuzunguka huku behewa likiteleza. Chuma kinasagika, bapa dogo linatokea, na kuanzia hapo ni ko-ko-ko-ko njia nzima. Nimekulia Tabora, kwenye njia panda ya reli. Sauti hiyo naitambua hata nikiwa usingizini. Weka vali inayopima uzito na kupunguza nguvu ya breki yenyewe. Bajeti ikibana, punguza kwingine.

Idhini ya behewa litakalovuka mipaka huombwa kwa Shirika la Reli la Umoja wa Ulaya, lililoko Valenciennes, Ufaransa. Watafute wakaguzi huru michoro ingali ya penseli, maana fremu iliyopunguzwa uzito bado inatakiwa kustahimili msukumo wa kilonewton 2,000.

Kisha jiandae kwa swali ambalo mteja huliuliza akiwa keshaanza kulainika: likiharibika Jumapili usiku kule Poland, nani ana spea? Kama unaweza, baki na gurudumu la milimita 920 na vipuri vinavyoingia kwenye bogi (kigari cha ekseli na magurudumu chini ya behewa) ya aina ya Y25, maana karakana karibu zote zinaijua. Bogi ya kipekee hata ikiwa bora itasubiri spea wiki nzima, na kodi haiingii.

Kwa mkataba wa kwanza omba treni moja inayozunguka kati ya machimbo na kiwanda kilekile. Changanya mabehewa yako na ya zamani, magurudumu yapimwe kila mwezi, geji ya kupimia aishike fundi wa mteja, si wako. Bei mpangeni baada ya hapo, kwa kilomita.