Umeinua VX yako na kufunga tairi za 35? Fanya haya kabla shafti haijakatika

Mtu akishainua gari, akafunga tairi za inchi 35 na loka (kifaa kinachofunga difu ili tairi mbili za ekseli moja zizunguke pamoja) mbele na nyuma, moja kwa moja porini, halafu sivi jointi, kile kiungo kinachopeleka nguvu kwenye tairi la mbele hata likikata kona, ikilia kah! kwenye korongo analaumu spea. Mara nyingi spea haina kosa. Umebadilisha vitu viwili vitatu, vingine vyote umeviacha kama vilivyotoka kiwandani, kwahiyo mzigo umehamia kwa mnyonge. Nitaongelea Land Cruiser 80, ila wenye 70 na Hilux za zamani za ekseli nzima mbele mengi humu yanawahusu pia.

Anza na hesabu. Tuseme injini inatoa Nm 300 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), gia namba moja inazidisha mara 4, transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) ikiwa lo, yaani gia nzito ya nguvu, mara 2.5, difu mara 4.1, zidisha zote unapata zaidi ya Nm 12,000. Shafti inapona kwasababu tairi huwa linateleza kabla nguvu hiyo haijafika yote. Sasa wewe umeweka tairi pana, zito, lenye meno, umelipunguza upepo, limeng'ata mwamba halitelezi ng'o. Na loka ikiwa imefungwa, tairi moja likiwa hewani, nguvu yote ya ekseli ile inapita kwenye shafti moja, wakati bila loka pande mbili zinapata sawasawa. Ndo maana gari iliyokaa miaka bila shida inakatika shafti mwezi ule ule ilipofungwa loka.

Halafu gia. Kutoka tairi la inchi 31 kwenda 35, difu yako ya 4.1 inafanya kazi kama 3.6 hivi, gari inakuwa nzito kuondoka, dereva anachezea klachi na kukanyaga mafuta, na huko kukanyaga ndiko kunakovunja vitu. Weka krauni na pinioni (gia mbili kuu za ndani ya difu) za 4.88, au gia za lo zilizo fupi zaidi kwenye transfa, gari ipande jiwe polepole injini ikiwa inanguruma tu. Difu ya mbele na ya nyuma LAZIMA ziwe na namba ileile ya gia, narudia, namba ileile, ukichanganya transfa itajibana mpaka kitu kiachie. Na kazi hii mpe fundi mwenye geji ya kupima uwazi wa meno, sio wa kusikiliza kwa sikio, maana meno yasipokutana vizuri hata krauni mpya haifiki mbali.

Sasa uendeshaji, na hapa ndo kuna pesa yako yote. Sivi jointi ya mbele iko imara ikiwa imenyooka, ukikata kona mpaka mwisho inabaki na nguvu kidogo sana, ukiongeza na loka ya mbele hapo unaiomba ikatike. Kwahiyo nyoosha usukani kwanza ndo ukanyage, na kama lazima ukate kona kali zima loka ya mbele. Tairi likianza kuzunguka hewani achia mafuta KABLA halijagusa chini, kwasababu tairi zito linalozunguka kwa kasi likishika mwamba ghafla, kishindo chote kinaishia kwenye shafti. Gari ikianza kurukaruka pia achia, rudi, chagua mstari mwingine, au toa wenchi, hakuna aibu. Pale Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini ya Kenya, iliyoanza 1989, mshindi ni aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, wala hawapimi nani kafika wa kwanza. Na usipande kilima kirefu kwa rivasi huku umekanyaga, meno ya difu ya nyuma upande ule wa rivasi ni dhaifu kuliko wa kwenda mbele.

Propela nayo, ile shafti ndefu kutoka transfa kwenda difu. Ukiinua gari pembe zinabadilika, na ukizungusha ekseli ya mbele ili usukani utulie, propela ya mbele inazidi kupinda inaanza kutetemeka. Mtetemo sio wa kuzoea, unakula krosi (viungo vya kupinda vya propela) na beringi za pinioni. Dawa ni propela yenye krosi mbili upande wa transfa. Piga grisi krosi na sehemu inayoteleza kila ukishatoka majini.

Kukagua usifanye haraka. Tazama yale mabakuli ya duara nyuma ya tairi za mbele, yakilowa uji mweusi ujue sili ya ndani imekufa, oili ya difu imeingia kwenye grisi na sivi jointi inajisaga. Kaza nati za flenji za haabu ya nyuma na za mikono ya usukani kwa spana ya toki, tairi kubwa zinazilegeza na ikilegea moja nyingine zinakatika. Pandisha mipira ya kupumulia ya difu juu mpaka kwenye injini, maana difu ya moto ikiingia mtoni inapoa ghafla na kuvuta maji kupitia sili. Oili ikitoka rangi ya chai ya maziwa, mwaga siku hiyo hiyo.

Shafti za kromoli (chuma kigumu zaidi) ni nzuri kweli, ila jua mzigo utahamia kwenye difu, na ya mbele kwenye 80 ni ya inchi 8 wakati ya nyuma ni 9.5. Mimi heri ikatike shafti ninayoweza kubadilisha chini ya mti kuliko krauni. Zile za zamani kama bado nzima usiuze, zibebe na saklipu (pete za kushikilia shafti), sili, gasketi na grisi.

Na ikikatika shafti ya mbele, usidhani kufungua flenji kunatosha, vipande vinaweza kujikwamisha ndani na kufunga usukani. Vitoe vyote, toa propela ya mbele, funga difu ya kati (ile ya ndani ya transfa), rudi kwa tairi za nyuma. Ikiwa ni propela ya nyuma, difu ya kati inafungwa hivyo hivyo unarudi kwa za mbele, ila ukipaki usiiamini gia peke yake, vuta handibreki na uweke mawe.