Shandelia ya sebuleni: pima nyumba kwanza, afu ndo uende Kariakoo

Watu wengi wananunua shandelia, zile taa kubwa za urembo za darini, kwa macho. Unaingia duka la taa Kariakoo, huko juu zimewashwa zote kwa mpigo, kila kitu kinameremeta, unanyoosha kidole, unalipa, unafika nyumbani fundi anakwambia bosi hii hapa haikai, au inakaa ila mgeni mrefu akiinuka kwenye kochi anaigonga na kichwa. Mle dukani dari liko juu afu taa zimebanana kibao, hata iwe kubwa vipi utaiona ya kawaida tu. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani chukua tepu, pima, andika kwenye simu.

Hesabu yake haina mambo mengi. Urefu wa chumba kwa futi jumlisha na upana wake kwa futi, jibu unalisoma kama inchi, hicho ndo kipenyo cha shandelia. Sebule ya futi 14 kwa 16 inataka ya inchi 30, yaani kama sentimita 75 hivi. Kama unapima kwa mita jumlisha afu zidisha mara 8, mita 4 na mita 5 ni 9, mara 8 unapata sentimita 72, ni kulekule. Ukizidisha au kupunguza kidogo sio kesi, ila ikizidi sana chumba kinakuwa kama kimevaa kofia ya mtu mwingine. Na ukiwa dukani jua kwamba maboksi mengi ya kutoka China yanaandika milimita, ukiona D800 ni kipenyo cha sentimita 80, H ndo kimo, uliza hicho kimo kimehesabu na mnyororo au hakijahesabu maana hapo ndo watu wanapigwa.

Kimo kina shida yake kwa nyumba zetu. Kuanzia ncha ya chini ya shandelia mpaka sakafuni isipungue mita 2.1 kama watu wanapita chini yake. Sasa nyumba nyingi za kawaida dari liko mita 2.7 mpaka 3, ukitoa hapo unabaki na sentimita 60 hadi 90 za taa nzima na mnyororo wake, na hapo sijasema hizi jipsam za siku hizi zenye ngazi ngazi na maua ambazo zinakula sentimita 15 au 20 nyingine, kwa hiyo pima kuanzia kwenye jipsam yenyewe pale katikati, usipime kwenye zege ukajidanganya. Dari likiwa fupi chukua zile pana zinazobana dari, hazina mnyororo, na ukweli ni kwamba kwenye sebule ya kawaida zinapendeza kuliko ile ndefu iliyokatwa mnyororo mpaka ikabaki inachungulia.

Juu ya meza ya dainingi sheria ya mita 2.1 haihusiki maana hamna anayepita, pale inashuka mpaka iwe sentimita 75 hadi 90 juu ya meza, na kipenyo chake kiwe nusu mpaka theluthi mbili ya upana wa meza. Meza ya upana wa mita moja basi chukua ya sentimita 50 mpaka 65. Ila kuwa na uhakika meza itakaa hapohapo, maana mama mwenye nyumba akihamisha meza kuelekea dirishani shandelia haimfuati.

Wenye ghorofa na uwazi wa ngazini wanapenda zile ndefu zinazomwagika kama mvua, ni nzuri kweli, ila jiulize balbu ikiungua huko juu nani anapanda na anapandia nini. Ile shandelia kubwa ya Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos pale Muscat ina urefu wa mita 14 na uzito wa tani 8 na nusu, na ndani yake kuna ngazi za mafundi kupita. We huna ngazi ndani ya taa. Aidha ununue na winchi yake ya umeme ya kuishusha, au kila ukitaka kuisafisha ukodi jukwaa, na majukwaa yanakwaruza tailizi.

Kwa wenzetu wa Mji Mkongwe kule Unguja mambo ni tofauti kidogo, vile vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Shandelia moja kubwa katikati pale inaonekana imekwama. Weka mbili au tatu ndogo kwa mstari, zifuate urefu wa chumba, na dari zenyewe ziko juu kwa hiyo mnyororo unao wa kutosha.

Haya, panga boi. Hili hata muuza taa hakuulizi, na kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa hamna mtu atakaa bila feni kisa urembo. Nyumba nyingi pointi iko moja tu katikati na ndo panga boi lilipo. Usije ukaziweka karibu karibu, upepo unachezesha vioo usiku kucha kring kring kring, na mwanga ukitokea juu ya mapanga unapata ule mkatokato unaoumiza macho. Angalau mita moja na zaidi kutoka ncha ya panga mpaka ukingo wa shandelia. Kama chumba hakitoshi basi katikati ikae shandelia, feni nenda za ukutani mbili, au ukiwa na uwezo AC. Zile panga boi zenye shandelia humohumo mi sizipendi hata kidogo, ila kwa chumba kidogo sibishani na mtu, zinaokoa.

Tukija kwenye bidhaa yenyewe, nenda na kisumaku kidogo mfukoni. Rangi ya dhahabu kila taa inayo, ila chini yake kuna nini? Sumaku ikinata hicho ni chuma kilichopakwa, na kama unakaa karibu na bahari hewa ya chumvi itakitafuta tu, vinaanza vidoa vidogo kwenye maungio afu rangi inabanduka. Shaba nyeupe (brasi), alumini na stenlesi nyingi hazinati, hizo ndo za kuishi nazo pwani. Dodoma au Arusha chuma kilichopakwa vizuri kinakaa. Vioo navyo vishike kwa mkono, kioo cha kweli ni kizito na kina ubaridi, ukigonganisha viwili vinalia, cha plastiki ni chepesi na mlio wake ni butu na kinakuja kuwa cha njano. Plastiki ina faida moja, uzito unapungua sana, kwa hiyo kama dari lako halijiwezi sio aibu.

Afu angalia balbu zinaingiaje. Chukua yenye holda za kawaida, E14 zile nyembamba au E27 zile nene, ili balbu ikiungua unanunua nyingine dukani mtaani. Zile LED zilizogandishwa kwenye fremu zinavutia ila siku ikizima umebaki na pambo la giza, kwa hiyo kama umeipenda sana hakikisha draiva yake (kile kiboksi kinachoilisha umeme) inachomoka na inauzwa peke yake, na soma kibandiko, iandikwe inapokea kuanzia volti 85 mpaka 265, maana umeme wetu unapanda na kushuka. Ukiona imeandikwa 110 tu hiyo imetoka Marekani, ukiiweka kwenye 230 yetu inaungua siku hiyohiyo.

Rangi ya mwanga sebuleni ni 2700 mpaka 3000 kelvini, ule wa manjano uliotulia. Hii 6500 nyeupe ya bluu bluu waachie wenye famasi, shandelia ya laki kadhaa ukiiwekea balbu hiyo inakuwa taa ya benki.

Na piga hesabu ya LUKU kabisa. Shandelia ya mishumaa 12, yaani balbu 12, ukiweka balbu za zamani za wati 40 ni wati 480, ukiwasha saa tano kwa siku unakula uniti 2.4, kwa mwezi 72. Ukiweka LED za wati 5 ni wati 60 jumla, uniti 9 kwa mwezi. Kwa aliyeko kwenye ile tarifu ndogo ya TANESCO yenye mwisho wa uniti 75 kwa mwezi unaona mwenyewe, taa moja tu inaweza kukutoa humo.

Sasa kufunga, na hapa naomba usome taratibu.

Jipsam haibebi kitu. Jipsam ni unga uliobanwa na karatasi, umepigwa skrubu kwenye vyuma vyembamba, haijatengenezwa kuning'iniza kilo 15 za vioo juu ya kichwa cha mtoto wako. Fundi atakayekwambia "tutaweka plagi tu itashika" muage kwa heshima. Uzito lazima upite jipsam ukakamate zege au mbao. Kwanza jua uzito wenyewe, panda mizani ya kupimia mwili ukiwa umeshika boksi, toa uzito wako, na hakikisha vioo vyote vilikuwemo kwenye hilo boksi.

Nyumba ya slabu ni rahisi, mara nyingi kuna ile ndoano ya panga boi iliyofungwa kwenye nondo wakati wa kumwaga zege, hiyo ni dhahabu, itumie kama haijaliwa na kutu. Kama haipo unatoboa zege na kuweka bolti ya kutanuka ya milimita 8 au 10 yenye jicho chini. Slabu za matofali na vibimu, tundu liingie kwenye kibimu, tofali lina uwazi ndani na bolti haitashika kitu.

Nyumba ya bati ndo wengi tunazo. Hapo mtu anapanda juu ya dari, analaza mbao ya inchi mbili kwa sita ikivuka mbao mbili za chini za kenchi, anaifunga kwa bolti na sio misumari ya kutokea chini, maana msumari unaovutwa na uzito kila siku unatoka polepole bila kukuaga. Katikati ya hiyo mbao tundu moja, bolti ya jicho inashuka mpaka chini ya jipsam, juu weka washa pana (ile pete bapa ya chuma) na nati mbili. Kama ndo kwanza unajenga mwambie fundi umeme na fundi jipsam mapema, kabla dari halijafungwa, hii kazi ni ya dakika chache wakati huo, baada ya hapo ni kukata jipsam na kupiga rangi upya.

Kabla hujaning'iniza taa ya pesa zako, jaribu ndoano. Mfuko wa saruji wa kilo 50, kamba nzuri, uning'inize uwe juu kidogo tu ya godoro kuukuu, funga mlango ulale. Asubuhi ukikuta ndoano haijashuka na jipsam haijapasuka pembeni, endelea.

Umeme mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, ila we mwenyewe ujue anachofanya. Azime mein swichi, sio swichi ya ukutani tu, kuna nyumba swichi ilifungwa kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya wa kuleta umeme) kwa hiyo ukizima taa inazimika lakini laivu bado iko palepale juu inakusubiri, ndo maana lazima aguse na tesita kwanza. Nyekundu au kahawia ni laivu, nyeusi au bluu nyutro, kijani na njano ni ethi, waya wa usalama unaoenda ardhini. Na ethi ndo inayorukwa, pointi nyingi za taa hazikuvutiwa ethi kabisa kwa sababu zilitegemea holda ya plastiki, sasa we unaweka dude la chuma tupu, ivutwe, hata kama inamaanisha kupitisha waya mpya. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha kabisa kwa taa. Na waya usibebe uzito hata kidogo, mnyororo ndo ubebe, waya upite kwenye pete za mnyororo ukiwa umelegea.

Kama shandelia ina balbu nyingi mwambie agawe kwenye swichi mbili, nusu kwa nusu. Siku ya kuangalia mpira huhitaji mishumaa yote 12. Ukitaka dima, ile swichi ya kupunguza mwanga, nunua balbu zilizoandikwa zinakubali dima, zisizokubali zinapepesa na kulia zzz.

Mpangilio wa kupandisha: fremu tupu kwanza, unganisha, washa mein, hakikisha balbu zote zinawaka, zima tena, ndo vioo vifuate. Wengi wanavaa vioo chini sakafuni afu watu watatu wanainua, vinagongana na kusukana kamba. Anza na duara la ndani na la juu ukija nje na chini, na ukiweka kimoja huku weka kingine upande wa pili, vinginevyo fremu inalala upande. Vaa glavu za kitambaa, alama za vidole kwenye kioo zinaonekana mara tu taa ikiwaka.

Usafi sio kila wiki, ila zima na uache zipoe kwanza, kitambaa chenye unyevu kidogo, kioo kimoja kimoja, usipulizie dawa ya vioo moja kwa moja maana inatiririka mpaka kwenye holda. Zile zenye vibakuli vinavyotazama juu ujue msimu wa mvua vinajaa kumbikumbi, na mijusi inawafuata, kwa hiyo mwezi wa 3 mpaka wa 5 utapanda ngazi zaidi. Na lile pakiti la vioo vya ziada na vile vindoano vyake usitupe na boksi, libandike na selotepu ndani ya mlango wa kabati, miaka mitatu mbele ile modeli dukani hutaikuta.