Kocha Mgeni Unguja: Namna ya Kuepuka Mikasa ya Kila Siku

Kocha anayetoka nje kuja kufundisha soka Unguja aipange ratiba yake kwa kufuata adhana, kwa sababu wachezaji wengi hufika uwanjani baada ya sala ya alasiri na huanza kutawanyika magharibi inapokaribia. Na kwa kuwa jua huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni mwaka mzima, hotuba ndefu kabla ya mazoezi ni hasara tupu. Mwezi wa Ramadhani, mazoezi yahamishiwe usiku baada ya tarawehe, na chupa ya maji isionekane hadharani mchana.

Mkasa mkubwa zaidi huwapata wanaofanyia mazoezi pwani, kama vile Paje au Jambiani. Saa za maji kujaa na kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo mchanga uliokuwa mkavu jioni ya Jumatatu unaweza kuwa chini ya maji jioni ya Ijumaa, koni zikielea na mpira ukielekea mkondoni. Awaulize wavuvi kabla ya kupanga wiki, hasa nyakati za bamvu, yaani maji makubwa yanayojaa na kupwa kupita kawaida, maana wao hawahitaji jedwali. Viatu visivuliwe miambani, penye urchini, wanyama wadogo wa baharini wenye miba.

Bukta ibaki uwanjani. Mji Mkongwe magoti na mabega hufunikwa. Wazee wa klabu wasalimiwe kwanza, kwa utulivu, ndipo suala la kikosi lifuate.