Kurekebisha mashine ya santuri: uzito, pembe na kimo cha sindano

Santuri ikikwaruza kwenye kila "s", ikiruka, au upande mmoja ukisikika umezibwa, usiilaumu kabla hujakagua mkono na sindano. Kazi hii ina utaratibu wake kwa sababu kila hatua huvuruga iliyotangulia: ukisogeza katriji (kile kipande kidogo kinachoshika sindano kwenye ncha ya mkono) milimita mbili mbele, uzito uliokwisha kuupima si ule tena. Vipimo vinavyofuata ni vya Technics SL-1200MK2 yenye katriji ya Audio-Technica AT-VM95E. Mashine nyingine yenye mkono wa kurekebishwa hufuata njia hiyohiyo, ila tarakimu utazisoma kwenye kijitabu chake.

Tafuta pimamaji ndogo, bisibisi ndogo, koleo ya ncha nyembamba na mizani inayosoma gramu 0.01, kama ile ya masonara. Weka mashine juu ya meza nzito, mbali na spika, kisha zungusha miguu yake mpaka pimamaji ilale sawa juu ya sahani inayozunguka, kwa urefu na kwa upana.

Kagua mwendo mapema, hasa kwa mashine ya mtumba. Quartz ya SL-1200MK2 (fuwele inayodhibiti mwendo) haijali masafa ya umeme: kitelezi cha mwendo kikiwa katikati, nukta kubwa zaidi kwenye ukingo wa sahani zinatakiwa zionekane zimesimama. Mashine ambazo sahani yake huzungushwa kwa mkanda na mota ya AC ni habari nyingine. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inategemea umeme wa 60 Hz. Ukiichomeka Dar es Salaam au Nairobi kwenye 50 Hz kwa kupitia transfoma, volti zitakuwa sahihi lakini mizunguko 33⅓ itashuka hadi takriban 27.8 kwa dakika, na mwimbaji wa kike ataimba kwa sauti ya kiume. Transfoma haibadilishi masafa. Dawa ni puli (gurudumu dogo la mota linalovuta mkanda) ya 50 Hz, ambayo ni pana zaidi.

Sasa katriji. Chomoa sindano kwanza, maana bisibisi ikiteleza hiyo ndiyo itakayoumia. Chomeka nyaya nne kwa koleo: nyeupe ni chanya ya kushoto, buluu hasi ya kushoto, nyekundu chanya ya kulia, kijani hasi ya kulia. Ukigeuza jozi moja, besi hunyong'onyea na mwimbaji haonekani kusimama katikati ya spika. Funga skrubu mbili kwa kulegeza, rudisha sindano, kisha sogeza katriji hadi ncha ya sindano iwe milimita 52 kutoka ukingo wa raba nyuma ya kichwa cha mkono. Itazame kutoka mbele pia: isimame wima, isiegemee upande. Ndipo ukaze, bila kulazimisha.

Uzito wa sindano juu ya santuri ndio roho ya kazi yote. Weka antiskeiti (kirekebishi kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati ya santuri) kwenye 0, ondoa kifuniko cha sindano, uachie mkono kwenye hewa nje ya sahani na uzungushe uzito wa nyuma mpaka mkono uelee sambamba na sahani. Shika uzito huo usizunguke, geuza pete ya tarakimu peke yake hadi 0, halafu zungusha vyote viwili pamoja hadi 2.0. Hakikisha kwa mizani, sehemu ya kupimia ikiwa kwenye kimo cha santuri. Ikiwa juu zaidi, jibu litakudanganya. VM95E inataka kati ya gramu 1.8 na 2.2.

Wengi hupunguza uzito wakidhani wanaitunza santuri. Sindano nyepesi kupita kiasi hupoteza mgusano na kuta za mfereji wa santuri, kisha huzigonga inaporudi, na hayo ndiyo mikwaruzo isiyofutika. Ukiwa na shaka, afadhali 2.1 kuliko 1.7.

Kimo cha mkono hufuata. Sindano ikiwa ndani ya mfereji, tazama kutoka ubavuni: mkono uwe sambamba na santuri. Ukiinuka nyuma, sauti huelekea kuwa kali. Ukishuka, huwa nzito na butu. Fungua kifungio, zungusha pete ya kimo, funga tena. Pima uzito upya.

Mwisho weka antiskeiti kwenye 2, sawa na uzito. Mkono uliopinda huvutwa kuelekea katikati ya santuri, hivyo ukuta wa ndani, wenye sauti ya kushoto, hubanwa na wa nje hulegea. Kulia kukikwaruza peke yake, ongeza kidogo. Kushoto kukikwaruza, punguza. Pande zote zikikwaruza, rudi kwenye uzito, au ukague kama sindano ni chafu. Ifagie kwa brashi kutoka nyuma kuja mbele tu.

Mngurumo usiokoma kwa kawaida ni waya wa athi (ardhi) ambao haukufungwa kwenye amplifaya. Sauti ndogo isiyo na besi maana yake umechomeka kwenye tundu la AUX badala ya PHONO.

Santuri za zamani za mizunguko 78, kama zile alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, usizipige kwa mpangilio huu. SL-1200MK2 haina mwendo huo, na mifereji ya santuri hizo inahitaji ncha ya sindano ya takriban mikroni 70. Ncha ya kawaida, yenye 18 hivi, huzama hadi chini ikasoma vumbi. Tena usizisafishe kwa spiriti: zimetengenezwa kwa sheleki, na spiriti huiyeyusha.