Kishikwambi kimoja, wanafunzi sitini: namna ninavyofundisha Kiingereza

Tangu walimu tugawiwe vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, ofisi yetu ya walimu huku Kibosho, juu ya mji wa Moshi, ina pande mbili. Upande mmoja unasema mashine zinawalemaza watoto. Upande wa pili umeikabidhi ChatGPT, ile programu ya akili unde inayoandika yenyewe, kila kitu, hata andalio la somo, na ukilisoma unalijua tu. Mimi nafundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza. Wengi wa watoto wangu wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu ghafla masomo karibu yote yanawajia kwa Kiingereza. Kwangu mimi mashine ni ya kusikilizia. Kalamu ibaki kwa mwanafunzi mpaka amalize rasimu ya kwanza. Kama una darasa linalofanana na hili, jaribu hivi.

Anza na sauti, na usiitafute mbali. Rekodi nyingi za mtandaoni zinaongelea treni za London, kwa hiyo mtoto anapambana na lugha na mada asiyoijua kwa wakati mmoja. Mkoa huu umejaa waongoza watalii. Jirani yangu anapandisha wageni Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Nilimwomba anirekodie dakika mbili akieleza safari kwa Kiingereza kama anavyowaeleza wageni wake getini: kituo cha kulala cha Mandara mita 2,720, cha Horombo 3,720, halafu cha Kibo, halafu kilele cha Uhuru mita 5,895. Lafudhi yake ni ya Kimachame kabisa na Kiingereza chake kimenyooka. Mtoto akimsikia anaelewa kuwa lugha hii haihitaji kuzaliwa Uingereza. Usimpe karatasi asome. Akisoma tu anageuka mtangazaji wa redio. Na mweleze mapema rekodi itatumika wapi.

Darasani icheze mara tatu. Mara ya kwanza kalamu zote chini, na swali liwe moja: huyu anaongea na nani? Mara ya pili waandike namba tu. Hapo utaona kazi ilipo, maana wanaosoma namba vizuri ubaoni watakuletea elfu mbili mia saba na kumi na mbili, na kumi na tatu wataichanganya na thelathini. Usisahihishe bado. Waache wabishane wawili wawili, kisha waulize nani anataka kusikia tena sehemu ipi. Wakishaanza kudai kipande fulani kirudiwe, somo limeshika. Mara ya tatu simamisha kila baada ya sentensi, waandike walichosikia.

Sauti ya kishikwambi haifiki nyuma. Azima spika ndogo ya bluetooth, uiweke kwenye dawati la katikati, maana ukiiweka mbele wa nyuma watapiga soga. Rekodi ziingie kwenye memori kadi usiku, nyumbani, usije ukategemea bando saa ya kipindi. Mvua ikipiga bati, ahirisha. Vitabu vya kiada utavipata bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Navyo vipakue mapema.

Sasa matamshi. Utashauriwa umwachie mtoto aongee na simu, simu iandike, ikikosea basi yeye ndiye ametamka vibaya. Mimi sikubali. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima mifumo mitano ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft, wakakuta inakosea wastani wa maneno 35 kati ya 100 ya Wamarekani weusi, na 19 kwa weupe. Hao ni watu waliozaliwa na Kiingereza. Sasa fikiria mtoto wa huku kwetu Umbwe. Ukimfanya ashindane na mashine hiyo atajifunza kunyamaza. Badala yake, mmoja asome sentensi kutoka kona moja ya darasa, mwenzake wa kona nyingine aandike. Akieleweka, ametamka.

Uandishi ndio unaogombanisha watu ofisini, na hapo mimi niko karibu zaidi na wanaokataa. Insha iandikwe darasani, kwa mkono, dakika ishirini. Mtihani wa Kidato cha Pili nao ni kalamu na karatasi. Baada ya hapo chagua sentensi tatu zenye makosa ya aina moja, zisiwe na jina la mtu, uzipeleke kwenye programu ya akili unde na uombe masahihisho. Andika ubaoni ya mtoto na ya mashine, na darasa liamue ipi ibaki. Mara nyingi mashine iko sahihi kwenye nyakati za vitenzi. Kwenye maudhui inaharibu: mwanafunzi mmoja aliandika kuwa bibi yake anapika kiburu, chakula cha Kichaga cha ndizi na maharage, mashine ikamgeuzia kuwa uji. Darasa zima lilikataa, na walilazimika kukataa kwa Kiingereza. Sijawahi kupata mjadala mzuri kama ule kwa kupanga.

Akileta kazi ya nyumbani inayong'aa kupita kiasi, usikimbilie programu za kugundua maandishi ya mashine. Mwaka 2023 watafiti, pia wa Stanford, walizipa programu saba za aina hiyo insha 91 za mtihani wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilitajwa kuwa za mashine. Mwanafunzi wako yuko kundi hilohilo. Mwite pembeni, funga daftari, mwambie akusimulie aya ya pili kwa maneno yake. Akishindwa, aiandike upya mbele yako, bila kelele wala fimbo.

Kwenye andalio la somo, sehemu ya zana, andika wazi: rekodi ya dakika mbili, spika, kishikwambi cha mwalimu. Mthibiti ubora akikukuta umekishika atajua ni kipindi, na mkuu wa shule atakuwa na cha kumjibu mzazi anayeuliza kwa nini mwalimu yuko na simu darasani ilhali mwanawe amekatazwa kuja nayo.