Ndugu yako ana baipola na anatafuna muguka? Anza na usingizi

Mdogo wangu ana baipola, maradhi ya akili yanayompandisha mtu kupita kiasi kisha kumshusha, nasi tunakaa Mombasa, ambako muguka, majani ya jamii ya miraa, unauzwa kila kona. Nyumbani wengine humwita mkaidi. Mimi naona akili yake imeshikwa huku na maradhi, huku na majani, na ukimgombeza wakati huo maneno yako hayapati pa kukaa.

Kwanza angalia usingizi. Muguka mbichi una kathinoni, kemikali inayochangamsha ubongo kwa namna inayofanana na dawa ya kusisimua iitwayo amfetamini. Mwenye baipola akikesha anaweza kupanda: mawazo yanakimbizana, anaongea bila kituo, saa nane za usiku ataka kuuza pikipiki afungue hoteli. Basi mimi huandika kwenye daftari saa aliyolala, saa aliyoamka na alichotumia. Kliniki tunakwenda nalo.

Halafu chagua wakati wa kusema naye. Akiwa kwenye handasi, yaani muguka umempanda, mwache. Kesho yake akiwa amenuna, hataki hata uji, mwache pia. Ngoja alale, ale, kisha sema jambo moja tu. Wenye baipola wengi husahau na kupoteza makini hata wakiwa wametulia. Muguka, bangi na pombe huzidisha. Nikimtuma dukani vitu vitatu, namwandikia.

Katika utulivu huohuo, kubalianeni: akikesha tena, nani ampigie daktari, nani amshikie laini ya M-Pesa? Yeye aseme, wewe uandike. Wangu alimchagua shangazi, akaniacha mimi, nami nikaheshimu.

Kama anatumia lithiamu, dawa ya kutuliza baipola, nawaomba sana mshike hili. Kutapika, kuharisha au kukosa maji, hata kwa sababu ya pombe, kunaweza kuifanya dawa izidi damuni. Mikono hutetemeka vibaya, ulimi huwa mzito, anapepesuka, anachanganyikiwa. Mtu akimwona atasema amelewa. Usimwache alale eti pombe itoke. Mkimbize hospitali na pakiti ya dawa mkononi.

Wengi pia huruka vidonge siku ya kutafuna, wakiogopa kuchanganya. Asiruke kwa uamuzi wake mwenyewe. Mwambieni daktari kila anachotumia, bila kuficha, ndiye apange dawa. Na anayekunywa pombe nyingi kila siku asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani, kwani anaweza kupata degedege. Hilo lifanywe chini ya daktari.