Nani anaingia kwenye tovuti ya e-learning ya chuo chenu, na anafuata nini? Jinsi ya kujua kwa kutumia logi za Moodle

Muulize mkuu wa idara yoyote tovuti ya e-learning inatembelewa na nani, atakwambia wanafunzi, basi, imeisha hiyo. Alafu kuna ile namba kubwa ya "views", yaani mara kurasa zilipofunguliwa, inayowekwa kwenye ripoti ya mwaka na kila mtu anafurahi. Namba hiyo haikwambii aliyeingia alikuwa anatafuta nini na kama alikipata, na sisi tunaoendesha hizi sistimu ndo tunatakiwa kujua hilo kuliko mtu yeyote. Nitatumia Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni, maana vyuo vingi vya huku kwetu vinaitumia, na logi zake, yaani kumbukumbu za nani kabonyeza nini na saa ngapi; utahitaji ruhusa ya admini pamoja na Excel ya kawaida tu.

Hatua ya 1: Chagua siku

Usivute logi za muhula mzima, faili litakushinda kufungua. Chagua siku tatu: Jumanne moja ya kawaida katikati ya muhula, siku ya mwisho ya kukusanya asaimenti, na siku alama za testi zimetoka. Siku hizi tatu zina watu tofauti kabisa wenye shida tofauti, ukizichanganya hutaona kitu.

Hatua ya 2: Vuta logi

Ingia "Site administration", nenda "Reports" alafu "Logs". Acha washiriki wote, chagua siku yako, bonyeza kitufe cha kuonyesha logi, shuka mpaka chini kabisa pale pa kupakua uchague Excel au CSV. Utapata safu za muda, jina, muktadha, jina la tukio, maelezo, chanzo na anwani ya IP (namba ya mtandao aliotumia kuingia).

Kabla hujaendelea cheki saa. Kama saa za sistimu zimeachwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu masaa matatu, basi mwanafunzi aliyeingia saa nne usiku atasomeka saa moja jioni, na utaenda kwenye kikao kuwaambia watu wanasoma mapema kumbe wanasubiri bando la usiku. Weka Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi kwenye "Location settings". Ukiwa unavuta moja kwa moja kwenye database, muda unakuja kama sekunde kuanzia mwaka 1970, kwa hiyo tumia fomula hii: =(A2+10800)/86400+DATE(1970,1,1). Zile 10800 ni masaa matatu yetu.

Hatua ya 3: Ondoa wasio watu

Safu ya chanzo ikisema "cli" hiyo ni seva inajifanyia kazi zake yenyewe, futa. "web" ni mtu wa kwenye browser, "ws" mara nyingi ni mtu anayetumia apu ya Moodle kwenye simu, hao wabakize na uwahesabu peke yao maana shida zao haziko sawa. Jiondoe na wewe mwenyewe pamoja na maadmini wenzako, maana sisi tunabonyeza sana.

Na tafadhali usihesabu watu kwa IP. Mitandao ya simu inaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, WiFi ya chuo nayo hivohivo, kwa hiyo hosteli nzima inaweza kuonekana ni mtu mmoja.

Hatua ya 4: Soma nyayo za mtu mmoja mmoja

Hapa ndo penyewe, usiharakishe. Panga faili kwa jina alafu kwa muda, chukua wanafunzi kama kumi hivi bila kuchagua sura, ufuate kila mmoja amepita wapi.

Utakuta mmoja yuko hivi: saa 3:47 usiku ameingia, dakika hiyohiyo dashibodi, 3:48 kozi, 3:48 faili la lekcha ya sita, kwisha. Huyo alijua anachotaka, amechukua PDF yake akazima data, atasoma nje ya mtandao na pengine ataitupia kwenye grupu la WhatsApp la darasa wasome wenzake arobaini ambao huwaoni popote kwenye logi. Kwa hiyo lecha akilalamika kwamba faili limefunguliwa na watu wachache, usikubali haraka kwamba halijasomwa.

Mwingine yuko hivi: kozi, faili, kozi, folda, kozi, faili lilelile, jukwaa la matangazo, kozi, katoka. Kwenye ripoti ya "views" huyu ni bora kuliko yule wa kwanza, ana mibonyezo mingi, lakini ukweli ni kwamba amepotea, kuna kitu anatafuta na kozi imepangwa vibaya. Ukiona nyayo za namna hii kwa watu watatu wanne kwenye kozi moja, mpigie lecha mwenye kozi mkae muipange upya, ni kazi ya asubuhi moja.

Alafu angalia tukio la "Grade user report viewed". Siku alama zikitoka utaona watu wanafungua huo ukurasa mara nne tano kwa siku. Wengi hawajui alama zitapanda saa ngapi ndo maana wanarudi rudi, tangazo moja lenye saa linawaokolea bando.

Hatua ya 5: Waliogonga wakakosa kuingia

Chuja tukio la "User login failed". Hawa nao ni wageni wako, na hakuna anayewaweka kwenye ripoti. Kwenye maelezo kuna namba ya sababu: 1 maana yake hilo jina la mtumiaji halipo, 2 akaunti imesimamishwa, 3 mara nyingi ni pasiwedi kukosewa, 4 amefungiwa.

Namba 1 zikiwa nyingi mwanzoni mwa muhula, tazama majina waliyoandika. Namba za usajili za vyuo vingi zina mikwaju (/) katikati, na Moodle kwa kawaida haikubali mkwaju kwenye jina la mtumiaji, kwa hiyo admini aliweka vistari (-), na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaandika namba yake kama ilivyo kwenye kitambulisho, anakataliwa, anajaribu tena, anakata tamaa. Sentensi moja juu ya kiboksi cha kuingilia, yenye mfano wa namba iliyoandikwa sawasawa, inatosha.

Hatua ya 6: Watu wa nje

Unganisha tovuti na Google Search Console uone watu waliandika nini mpaka wakaletwa kwako. Usishangae ukikuta maneno ya maombi ya kujiunga, ada na fomu za joining instruction. Hao ni waombaji na wazazi, wamefika mlango usio wao. Wawekee linki ya tovuti kuu ya chuo hapohapo kwenye ukurasa wa mbele, wasikutane na pasiwedi tu.

Hatua ya 7: Wasiokuja

Ndani ya kozi kuna ripoti ya "Course participation", chagua kwizi au asaimenti, itakuonyesha nani hajagusa, na unaweza kuwatumia ujumbe palepale. Uliza kwa upole: simu, bando, au hajui njia? Majibu ya hapo hakuna logi itakayokupa.

Haya majina usiyatembeze. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya wana ya kwao ya 2019, na hata bila sheria mwanafunzi hakuja kusoma ili saa zake za usiku zijadiliwe kwenye kikao. Peleka makundi na sababu, futa faili lenye majina ukimaliza.

Muhula ujao vuta siku zilezile tatu, anza na zile namba 1 za kukataliwa kuingia. Zikiwa hazijapungua, kile kisentensi chako hakionekani kwenye simu ndogo, kisogeze juu zaidi.